Malipo Si Hukumu: Wateja wa Uingereza Walivyodai Makato ya Benki

Kati ya mwaka 2005 na 2007 lilitokea nchini Uingereza jambo ambalo sioni likijadiliwa vya kutosha katika vyuo vyetu, ingawa lina mafunzo mengi kwa nchi zilizorithi sheria za Waingereza. Wateja wa kawaida wa benki, wengi wao wakiwa hawana wakili wala chama, walichukua taarifa za akaunti zao, wakajumlisha makato waliyokatwa kwa miaka sita, wakaandika barua za madai, na benki zikawarudishia fedha. Hawakuwa kumi wala mia. Walikuwa maelfu kwa maelfu, na fedha zilizorudishwa zilifikia mamia ya mamilioni ya pauni. Kisha, Novemba 2009, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatoa hukumu moja, na mlango uliokuwa wazi ukafungwa.

Naandika historia hii kwa sababu ina swali linalomhusu kila mtu anayepokea mshahara wake benki. Mnyonge anapodai na akalipwa, je, ameshinda? Kwa muda wa miaka miwili hivi Waingereza wengi waliamini hivyo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba malipo si hukumu. Fedha iliyorudi mfukoni mwa mteja mmoja haijawa haki ya mteja anayefuata, mpaka iandikwe mahali ambapo benki haiwezi kuifuta.

Nitenganishe maneno kwanza. Hapa Tanzania neno "tozo" limepata ukali wa pekee tangu Julai 2021, serikali ilipoanza kutoza miamala ya simu. Sizungumzii hilo. Tozo ya serikali hupitishwa na Bunge, na aliyeipitisha anajulikana na anaweza kuulizwa. Nazungumzia makato ambayo benki hujiwekea yenyewe ndani ya mkataba ambao mteja hakushiriki kuuandika, na ambao kwa kawaida hakuusoma.

Huduma ya bure na aliyeilipia

Tangu katikati ya miaka ya 1980, benki za Uingereza zilijivunia kuwapa wateja huduma ya bure. Mwenye akaunti ya kawaida hakulipa ada ya mwezi, hakulipia hundi, wala hakulipia kutoa fedha kwenye mashine, ilimradi akaunti yake isishuke chini ya sifuri. Sharti lilikuwa hilo la mwisho. Akaunti ikishuka chini ya sifuri bila makubaliano ya awali, au malipo yakikataliwa kwa kukosa salio, benki ilikata fedha.

Msomaji aelewe jinsi makato hayo yalivyofanya kazi, maana ndipo ilipo kesi yote. Chukua mfano wa kubuni, lakini wenye viwango vya wakati ule. Mama mmoja amebakiwa na pauni 20 kwenye akaunti, na kampuni ya gesi inadai pauni 22. Amepungukiwa pauni 2. Benki inakataa malipo na kumkata pauni 35 kwa kitendo cha kukataa. Sasa hana 20 tena, bali ana deni la pauni 15. Kwa kuwa deni hilo halikuidhinishwa, anakatwa pauni 28 nyingine za mwezi. Wiki inayofuata bili ya simu inakuja, nayo inakataliwa, na pauni 35 zinakatwa tena. Kwa kupungukiwa pauni 2, mama huyu amekatwa pauni 98, na mshahara wa mwezi ujao utaingia ukiwa umeshaliwa. Makato yenyewe ndiyo yaliyozaa makato mengine.

Kazi iliyofanywa na benki ilikuwa ipi? Kompyuta ilisoma salio, ikakataa malipo, ikachapa barua. Benki hazikutaka kusema hadharani kazi hiyo iligharimu kiasi gani, na kunyamaza kwao ndiko kulikowapa watu shaka.

Ukubwa wa jambo ulikuja kujulikana baadaye, pale Ofisi ya Biashara ya Haki, taasisi ya serikali iliyosimamia ushindani na haki za watumiaji, ilipochapisha utafiti wake mwaka 2008. Katika mwaka 2006 benki zilikuwa zimepata takribani pauni bilioni 8.3 kutokana na akaunti za kawaida za watu binafsi. Kati ya hizo, kama bilioni 2.6 zilitokana na makato ya kupungukiwa salio. Akaunti zaidi ya milioni 12, yaani karibu moja katika kila nne, zilikatwa walau mara moja katika mwaka huo.

Hapo ndipo neno "bure" linapovuliwa nguo. Huduma haikuwa ya bure; ililipiwa na wachache kwa ajili ya wengi. Na wachache hao hawakuwa matajiri, kwa kuwa tajiri hapungukiwi pauni mbili ifikapo tarehe ishirini na tano. Aliyeishi kwa kubangaiza ndiye aliyemlipia hundi mwenye akiba.

Sheria iliyokuwa imelala

Walioanza kudai hawakubuni sheria mpya. Waliiamsha iliyokuwa imelala.

Kwanza palikuwa na kanuni ya kale ya mahakama za Uingereza kuhusu adhabu katika mikataba. Mwaka 1914, katika shauri la kampuni ya matairi ya Dunlop dhidi ya New Garage, Bunge la Malodi, ambalo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho, lilieleza tofauti kati ya fidia na adhabu. Wanaofunga mkataba wanaruhusiwa kukubaliana mapema kiasi ambacho mvunja mkataba atalipa, mradi kiasi hicho ni makadirio ya kweli ya hasara. Kikiwa kikubwa kupita kiasi ukilinganisha na hasara yoyote inayoweza kutokea, hicho ni adhabu, na mahakama haitakilazimisha. Adhabu ni kazi ya dola. Mfanyabiashara hana kiti hicho.

Pili, zilikuwapo kanuni za mwaka 1999 kuhusu masharti yasiyo ya haki katika mikataba ya watumiaji, zilizotokana na agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1993. Sharti ambalo mteja hakujadiliana nalo, na ambalo kinyume cha nia njema linaelemeza mzani upande wa mfanyabiashara, halimfungi mteja.

Aprili 2006 Ofisi ya Biashara ya Haki ilizitumia hoja hizo kwenye kadi za mikopo. Ilitangaza kuwa ada ya kuchelewa kulipa inayozidi pauni 12 itahesabiwa kuwa si ya haki, isipokuwa kuwe na sababu za pekee. Kampuni za kadi, ambazo zilikuwa zikitoza pauni 20 na zaidi, zikashusha. Mwananchi wa kawaida akajiuliza swali jepesi: kama barua ya kadi ya mkopo haistahili pauni 25, kwa nini barua ya akaunti yangu istahili 35?

Barua, kalamu na pauni kumi

Namna walivyodai ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika historia hii, kwa kuwa inaonyesha kwamba mtu asiye na cheo anaweza kuzitumia taasisi za nchi yake akizijua.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mdai wa Uingereza alianza na daftari. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 1998 ilimpa kila mtu haki ya kupata taarifa zake zinazohifwa na taasisi yoyote, kwa ada isiyozidi pauni 10, na taasisi ilipaswa kujibu ndani ya siku 40. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya makato ya benki. Lakini benki iliyozoea kumtoza mteja kwa kila nakala ya taarifa ya akaunti ilijikuta ikilazimika kumkabidhi miaka sita ya kumbukumbu kwa pauni kumi.

Miaka sita haikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Sheria ya ukomo wa mashauri ya mwaka 1980 iliweka kipindi hicho kuwa mwisho wa kudai chini ya mkataba katika England na Wales. Kule Scotland kipindi kilikuwa miaka mitano.

Taarifa zikifika, mteja alipitia kila ukurasa akiweka alama penye makato, kisha akajumlisha. Wengi walishtuka. Makato ya pauni 30 hayamuumizi mtu sana yanapokuja moja moja, na haba na haba hujaza kibaba. Yalipowekwa kwenye safu moja yalisomeka kama mshahara wa miezi. Nadhani hapa ndipo yalipotokea mageuzi yenyewe. Aibu ya kupungukiwa, ambayo kila mmoja aliibeba peke yake akidhani ni uzembe wake, iligeuka kuwa hesabu, na hesabu inaweza kupelekwa mahakamani.

Kisha ikafuata barua ya kwanza, ya adabu, ikitaja jumla na kuipa benki siku 14. Ikikataa, barua ya pili ilionya kuwa shauri litafunguliwa. Vielelezo vya barua hizo vilisambazwa bure kwenye intaneti na vikundi vya wateja na waandishi wa habari za fedha, akiwamo Martin Lewis, na watu wakavipakua kwa wingi mno. Mteja alijaza jina lake, namba ya akaunti na kiasi. Hakuhitaji kumpa mtu asilimia ya fedha yake, ingawa yalizuka makampuni yaliyotaka kufanya kazi hiyo kwa mgawo.

Benki ikiendelea kukataa, mteja alifungua dai katika mahakama ya kaunti kwa utaratibu wa madai madogo, uliokuwa na kikomo cha pauni 5,000. Utaratibu huo ulikuwa na fadhila moja kubwa: aliyeshindwa kwa kawaida hakutwishwa gharama za mawakili wa upande wa pili. Benki ingeweza kuajiri mawakili mashuhuri wa London, lakini isingeweza kumtisha mdai kwa ankara yao. Juu ya dai lake mteja aliweza kuomba riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kama sheria ya mahakama za kaunti ya 1984 inavyoruhusu.

Kwa nini benki zililipa

Mara nyingi benki ziliandika utetezi, zikasubiri, na siku za kusikilizwa zilipokaribia zikalipa nje ya mahakama, zikisisitiza kuwa hazikubali kosa lolote.

Kwa nini mwenye nguvu alipe bila kupigana? Mahakamani benki ingeweza kutakiwa ionyeshe hasara yake halisi malipo yanapokataliwa. Kumlipa mdai mmoja pauni 2,000 kulikuwa nafuu kuliko kuifungua hesabu hiyo mbele ya jaji na waandishi wa habari. Tena kulikuwa na mamilioni ya wateja ambao hawakuwa wamedai, na makato yao yaliendelea kuingia. Benki ilikuwa inanunua ukimya kwa bei ya rejareja ili iendelee kuuza makato kwa bei ya jumla.

Hapa ndipo udhaifu ulipojificha. Kila aliyelipwa alishangilia, na alikuwa na haki ya kushangilia. Lakini dai lililomalizwa nje ya mahakama haliachi kanuni nyuma yake. Jirani mwenye malalamiko yaleyale kwenye benki ileile alipaswa kuanza upya, barua kwa barua. Na mashauri machache yaliyofika mbele ya mahakimu yaliweza kwenda upande wowote: Mei 2007 hakimu mmoja wa mahakama ya kaunti ya Birmingham alilikataa dai la mteja aliyejitetea mwenyewe.

Kuna jingine ambalo halikutazamwa sana. Katika miaka hiyohiyo benki zilikuwa zikibadili lugha ya mikataba yao. Palipokuwa pameandikwa kwamba mteja akizidisha salio amevunja mkataba na atalipa, sasa paliandikwa kwamba mteja anayetoa zaidi ya salio anahesabiwa kuwa ameomba mkopo wa dharura, na anachokatwa ni ada ya huduma ya kulifikiria ombi lake. Fedha ni ileile, kompyuta ni ileile, barua ni ileile. Lililobadilika ni jina, na jina hilo lilikuwa na kazi ya kufanya.

Shauri moja badala ya maelfu

Julai 2007 Ofisi ya Biashara ya Haki ilikubaliana na benki saba na chama kimoja cha nyumba, yaani Abbey National, Barclays, Clydesdale, HBOS, HSBC, Lloyds TSB, Royal Bank of Scotland na Nationwide, kwamba suala lipelekwe Mahakama Kuu liwe shauri la mfano. Wazo lilikuwa na mantiki: mahakimu waache kuhukumu jambo moja kwa njia mia, sheria isemwe mara moja.

Lakini tazama kilichofuata. Mamlaka ya Huduma za Fedha iliziruhusu benki zisimamishe kushughulikia malalamiko mpaka shauri liishe, isipokuwa ya wateja waliokuwa katika dhiki. Mahakama za kaunti nazo zikasimamisha madai yaliyokuwa mbele yao. Mkondo wa barua uliokuwa ukizikosesha benki usingizi ukakauka karibu siku moja, na kwa miaka miwili na zaidi mwananchi aliyekuwa mchezaji akawa mtazamaji.

Aprili 2008 Jaji Andrew Smith aliamua mambo mawili. La kwanza liliwafurahisha wateja: makato yale yanaweza kupimwa uhaki wake chini ya kanuni za 1999. La pili halikupigiwa kelele: chini ya mikataba iliyokuwa ikitumika wakati huo makato hayakuwa adhabu, kwa kuwa mteja aliyezidisha salio hakuwa amevunja mkataba. Kazi ya jina jipya ilikuwa imetimia. Hoja ya 1914 ikatoka mezani, ikabaki ile ya kanuni za 1999. Februari 2009 Mahakama ya Rufani ilizikatalia benki rufaa yao, na watu wakaanza kuhesabu fedha ambazo hawajazipata.

Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu, iliyokuwa imeanza kazi mwezi Oktoba tu, ilitoa uamuzi wa pamoja wa majaji watano: Phillips, Walker, Hale, Mance na Neuberger. Benki zilishinda. Kanuni za 1999 zilikuwa na kifungu kisemacho kwamba, sharti likiwa limeandikwa kwa lugha nyepesi inayoeleweka, mahakama haiwezi kupima uhaki wake kwa kulinganisha bei na huduma inayotolewa. Majaji walisema makato yale ni sehemu ya bei ambayo wateja kwa ujumla wao wanalipia mfuko mzima wa huduma za benki. Na bei haipimwi.

Wanafunzi wa sheria wazingatie ambacho majaji hawakusema. Hawakusema makato ni ya haki. Walisema swali walilopelekewa, yaani kama makato yanaweza kupimwa kwa kigezo cha ukubwa wake, jibu lake ni hapana. Jaji Walker alidokeza hata kwamba serikali na Bunge wanaweza kuona vyema kulitazama suala hilo zaidi. Lakini mwezi uliofuata Ofisi ya Biashara ya Haki iliacha uchunguzi wake, na madai yaliyokuwa yamesimamishwa yakabaki bila mguu wa kusimamia.

Mnyonge mnyongeni

Msemo wetu hutaka haki itendwe hata kwa usiyempenda, nami sitaki kuzinyima benki haki yao katika hoja. Zilisema hivi: mkataba ni mkataba, mteja anaweza kujiepusha na makato kwa kuangalia salio lake, na tukilazimishwa kufuta chanzo hiki cha mapato, tutalazimika kumtoza kila mteja ada ya mwezi, hata yule mwangalifu. Hoja hii ya mwisho ina uzito. Mamilioni ya watu walifaidika na huduma ya bure, na hakuna benki inayoendeshwa kwa dua.

Hata hivyo hoja hiyo, ukiigeuza, inakiri kile ambacho wadai walikuwa wakikisema. Kama kufuta makato kungeilazimu benki kutafuta mabilioni mahali pengine, basi makato hayakuwa gharama ya barua, yalikuwa nguzo ya biashara. Na kama yalikuwa nguzo, haki ilitaka yatangazwe kama bei inavyotangazwa, mlangoni, mteja azilinganishe benki kabla ya kuchagua. Haiwezekani kitu kiwe bei kinapofika mahakamani na kiwe onyo kinapofika kwa mteja.

Haki ilivyorudi kwa mlango mwingine

Laiti historia ingeishia Novemba 2009, ningekuwa nimeandika tanzia. Haikuishia hapo.

Mwaka 2015 Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Haki za Watumiaji. Kinga ya bei ilibaki, lakini kwa masharti mapya: haitoshi sharti liwe na lugha inayoeleweka, lazima pia liwe limewekwa mahali pa wazi ambapo mteja wa kawaida angeliona. Bei iliyofichwa ukurasa wa arobaini haina kinga tena.

Kisha Mamlaka ya Mwenendo wa Fedha ikachunguza mikopo ya kuzidisha salio. Ilikuta kwamba katika mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada za mikopo isiyoidhinishwa zilitoka kwa asilimia 1.5 tu ya wateja. Mwaka 2019 mamlaka hiyo ilipitisha kanuni zilizoanza kutumika Aprili 2020: benki zimekatazwa kutoza kiasi maalumu cha siku au cha mwezi kwa mkopo wa kuzidisha salio, zitoze riba ya mwaka tu, na mkopo usioidhinishwa usizidi bei ya ule ulioidhinishwa. Zile pauni 28 za mwezi katika mfano wetu zikawa haramu. Nisiifanye picha iwe tamu kupita kiasi: benki nyingi zilipandisha riba hadi karibu asilimia 40 kwa mwaka. Lakini riba ya asilimia 40 juu ya deni la pauni 15 kwa mwezi mmoja ni nusu pauni hivi, na mteja anaweza kuilinganisha na ya benki nyingine.

Kati ya nyakati hizo mbili kulikuwa na kisa pacha, cha bima ya kulinda malipo ya mikopo, ambayo benki ziliwauzia watu wengi wasioihitaji au wasiojua kuwa wanayo. Huko msimamizi wa sekta aliandika kwanza kanuni ya namna malalamiko yatakavyoshughulikiwa. Benki zikaenda mahakamani kuipinga, zikashindwa Aprili 2011. Mpaka madai yalipofungwa baada ya Agosti 2019, zilikuwa zimerudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Linganisha visa viwili. Katika kimoja wateja walitangulia na kanuni ikachelewa miaka kumi na zaidi. Katika kingine kanuni iliandikwa mapema, na mteja alipofika alikuta njia imeshafyekwa.

Yanayotuhusu

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilichota maneno yake kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyoletwa huku na Waingereza. Kifungu cha 74 kinasema kwamba mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale unapovunjwa, aliyeumia atapata fidia ya kadiri isiyozidi kiasi hicho. Yaani jaji wa Tanzania hafungwi na adhabu iliyoandikwa na mwenye nguvu, anaweza kuipunguza. Lakini kifungu kinaanza na neno "unapovunjwa". Benki inayoita makato yake "ada ya huduma" inajaribu kupita pembeni ya kifungu hicho kama zilivyopita zile za London. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kila kato ni hili: nimelipia huduma ipi? Ikikosekana, jina lisitudanganye.

Daftari nalo tunalo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetupa haki ya kupata taarifa zetu zinazoshikwa na taasisi, kwa mfano wa sheria iliyomsaidia yule mdai wa pauni kumi. Ukomo wa kudai chini ya mkataba kwetu pia ni miaka sita. Na chini ya Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, mteja hupeleka malalamiko kwa benki yake kwanza, kisha akiwa hakuridhika huyafikisha Benki Kuu. Majirani zetu wa Kenya wameongeza silaha nyingine: tangu Aprili 2021 wana Mahakama ya Madai Madogo, yenye kikomo cha shilingi milioni moja za nchi hiyo.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi na wanaharakati: mwenzenu akirudishiwa makato, msiishie kumpongeza. Mwombeni nakala ya barua yake na ya majibu ya benki, mzihifadhi, mzipange kwa benki na kwa aina ya kato, mziwasilishe kwa msimamizi zikiwa mia kwa pamoja. Malipo mia yaliyotawanyika ni bahati mia; yakikusanywa ni ushahidi wa mwenendo. Nanyi ndugu watumishi wa umma mnaoandika rasimu za kanuni, msiyahesabu malalamiko yaliyomalizwa kwa malipo kuwa yamekwisha. Ulizeni kwa nini benki imelipa, na kama kato lilelile linaendelea kukatwa kwa wateja ambao hawajalalamika. Likiwa linaendelea, kazi yenu haijaanza.